Kikomo na Mpaka: Jinsi Kiendeshi cha Kompyuta Kinavyolinda Ramani ya Kumbukumbu

Utangulizi

Makala haya yanaeleza jambo moja la ndani ya kompyuta ambalo katika Afrika Mashariki husomwa kwa Kiingereza takriban peke yake: namna kiendeshi cha kifaa kinavyopaswa kupima ukubwa wa sehemu ya kumbukumbu kabla ya kuifungulia programu inayoiomba. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuliza jambo hilo linamhusu nini. Linamhusu, kwanza, kwa sababu kiendeshi cha aina hiyo kimo ndani ya simu aliyonayo mfukoni, na kikipima vibaya, siri zote za simu hiyo huwa wazi. Linamhusu, pili, kwa sababu maelezo ya kazi hii kwa Kiingereza huegemea neno moja linalobeba maana mbili, ilhali Kiswahili kina maneno mawili: kikomo na mpaka. Kikomo ni pale uwezo wa kitu unapoishia. Mpaka ni pale haki ya mmoja inapokutana na haki ya mwingine. Lori lina kikomo cha mzigo. Shamba lina mpaka. Makosa ya viendeshi yatakayosimuliwa hapa hayawezi kueleweka vizuri bila dhana hizi mbili kutenganishwa.

Mifano imechukuliwa Kapsoit, soko lililo kando ya barabara itokayo Kericho kuelekea Kisumu, katika eneo la wakulima wadogo wa chai. Kapsoit hakuna kiwanda cha kompyuta. Kuna, hata hivyo, watu wanaojua vyema tofauti iliyopo baina ya gunia lililojaa na shamba lililovamiwa, na maarifa hayo ndiyo yanayohitajika hapa.

Istilahi chache za lazima

Mjadala wa kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi umekwisha kula wino mwingi. Makala haya yanasema kompyuta na kusonga mbele. Kazi ya kuifanya kompyuta izungumze Kiswahili si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilistahili sifa, lakini ilihusu maneno yanayoonekana juu ya skrini, yaani yale ambayo mtumiaji huyabonyeza. Yaliyo chini ya skrini, ambako programu huzungumza na vifaa, hayakuguswa, na hadi leo ni machache yaliyoandikwa juu yake kwa lugha hii.

Chini huko kuna kiini, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayogawa muda wa kompyuta na kumbukumbu yake baina ya programu zote. Kuna pia viendeshi: kila kifaa, kiwe skrini, kamera au spika, kina kiendeshi chake kinachojua lugha ya kifaa hicho. Kiendeshi hukaa upande wa kiini. Programu ya kawaida, kwa mfano ile ya kupigia picha au ya kusomea ujumbe, hukaa nje na haina ruhusa ya kugusa kifaa moja kwa moja. Hubisha hodi kwa kiini, nacho kiini humwita kiendeshi husika.

Kumbukumbu yenyewe hugawanywa katika kurasa. Katika kompyuta na simu nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096, na baiti moja yatosha kuhifadhi herufi moja ya alfabeti ya Kiswahili. Neno ukurasa limetoka vitabuni na linafaa, ila kwa tahadhari moja. Msomaji wa kitabu anaweza kusoma nusu ukurasa akafunga. Kompyuta haiwezi kumpa mtu nusu ukurasa. Ruhusa hutolewa kwa ukurasa mzima au haitolewi kabisa. Jambo hili dogo lina madhara, na litarejewa.

Kila baiti ina anwani, na anwani ni za namna mbili. Anwani halisi ni mahali pa kweli katika kumbukumbu, kama udongo ulivyo mahali pake. Anwani dhahania ni namba ambayo programu huitumia ikidhani ndiyo mahali. Baina ya hizo mbili kuna jedwali la kurasa linalosema: ukurasa wako wa 12 wa dhahania upo katika ukurasa wa 80,417 wa halisi. Jedwali hilo ndilo linaloitwa ramani, na tendo la kuingiza mistari mipya ndani yake ndilo kuramanisha. Programu haioni udongo hata siku moja. Huona ramani tu, na huamini.

Katika nchi ya Wakipsigis neno ramani halina upole mwingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliigawa ardhi yao kwa walowezi, na baadaye kwa kampuni za chai, kwa kalamu juu ya karatasi. Waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo wakaambiwa kwamba ramani inasema vingine. Mtu wa Kericho hahitaji kuelezwa kwamba anayeishika ramani ndiye anayeishika ardhi. Katika kompyuta hali ni hiyo hiyo, pasipo sitiari yoyote: asiye na mstari katika jedwali hawezi kufika, na aliye nao hufika hata kama alipewa kwa makosa.

Kwa nini kiendeshi kiramanishe

Swali la haki ni kwa nini kiendeshi kimpe mgeni ramani ya kumbukumbu ya kifaa badala ya kumhudumia mlangoni. Jibu ni kasi. Mkulima akifika kituo cha kununulia majani na kapu lake, karani hupima, huandika, kisha majani humiminwa garini. Utaratibu huo unafaa kwa makapu. Haufai kwa skrini, ambayo huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Kama kila nukta ya rangi ingepaswa kukabidhiwa kiini ili kiini kiinakili na kumpa kiendeshi, simu ingetumia nguvu zake kubeba badala ya kuchora. Kwa hiyo programu huomba: niramanishie kumbukumbu ya skrini, nami nitaandika humo mwenyewe. Mizani ya kidijitali inayotuma uzito wa majani haihitaji mambo haya, kwa kuwa uzito ni baiti chache. Skrini inahitaji.

Ichukuliwe skrini ya simu yenye nukta 720 kwa upana na 1,280 kwa urefu. Nukta zote ni 921,600. Kila nukta ikichukua baiti 4 za rangi, jumla ni baiti 3,686,400. Ukigawanya kwa 4,096 unapata kurasa 900 kamili, bila baki. Hesabu hii imetoka safi kwa bahati, na makala haya yataitumia hadi mwisho: shamba la skrini ni kurasa 900.

Ombi la programu huwa na namba mbili. Ya kwanza ni mwanzo, yaani ianzie ukurasa wa ngapi ndani ya shamba hilo. Ya pili ni urefu, yaani ichukue kurasa ngapi. Kazi yote ya kiendeshi katika suala hili ni kujibu kama namba hizo mbili zinakaa ndani ya kurasa 900. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya hesabu hiyo. Ajabu ni kwamba waandishi wa viendeshi, watu wenye shahada, wameikosea mara nyingi.

Kikomo

Kabla ya kufika kwenye makosa, yafaa kueleza upande wa kikomo, ambao ni mrefu katika vitabu lakini si wa hatari kubwa.

Kompyuta ya biti 32 inaweza kuandika namba 4,294,967,296 tofauti, kuanzia sifuri. Anwani zake, kwa hiyo, haziwezi kuzidi idadi hiyo, yaani gigabaiti 4. Linux ya biti 32 iliyogawa nafasi hiyo kwa kawaida iliziachia programu gigabaiti 3 na kujiwekea 1. Sehemu kubwa ya gigabaiti hiyo moja ilitumika kuiramanisha kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, na viendeshi vikabaki na takriban megabaiti 128 za kugawana kwa ramani zao nyingine. Kisha zikaja kadi za michoro zenye megabaiti 256. Kiendeshi kilichotaka kuiramanisha kadi nzima ndani ya kiini kwa mara moja kilikataliwa, na hakikuwa na pa kulalamika: nafasi haikuwepo.

Dawa yake ni ya lori la chai. Majani yaliyochumwa hayangoji kesho, yakilala yanaharibika. Yakizidi lori, dereva hajengi lori jipya hapo kituoni. Hupakia yanayoingia, huyafikisha kiwandani, hurudi. Vivyo hivyo, kiendeshi hufungua dirisha dogo la ramani juu ya kifaa kikubwa, hutumia sehemu hiyo, hufunga, huhamishia dirisha mbele. Uramanishaji wa aina hii ni wa polepole kiasi na unahitaji uangalifu wa kufunga kila kilichofunguliwa, lakini unatosha. Kwa kompyuta za biti 64, ambazo nyingi hutumia biti 48 za anwani na hivyo kufikia terabaiti 256, kikomo hicho kimesogea mbali sana, ingawa tabia za zamani hudumu: kwa miaka mingi baada ya hapo kompyuta za mezani ziliendelea kuitazama kadi ya michoro kupitia dirisha la megabaiti 256, na ni mwaka 2020 tu kampuni ya AMD ilipoanza kuwatangazia wanunuzi wa kawaida uwezo wa kulipanua dirisha hilo.

La kuzingatiwa ni kwamba kikomo kina adabu. Ukikifikia, hukuambia. Ombi hukataliwa, ujumbe wa kosa huandikwa, mhandisi hukuna kichwa na kutafuta njia. Lori lililojaa halimdanganyi mtu.

Mpaka

Mpaka hauna adabu hiyo. Mtu akivuka jiwe la mpaka usiku, jiwe halipigi kelele. Ni lazima awepo wa kuangalia, na katika kompyuta wa kuangalia ni kiendeshi chenyewe. Kiini hakijui skrini ina kurasa ngapi. Kiendeshi kikisema ramani itolewe, kiini hutoa.

Hali mbaya kuliko zote ni ya kutokuwepo ukaguzi wowote, nayo imewahi kutokea. Mnamo Desemba 2012 ilitangazwa hadharani kwamba simu kadhaa za Samsung zilizotumia vichakato vya Exynos 4, zikiwemo Galaxy S III na Note II, zilikuwa na kiendeshi kilichoitwa exynos-mem. Kiendeshi hicho kilikuwa wazi kwa programu yoyote, na kiliweza kumramanishia mwombaji kumbukumbu halisi yote ya simu. Yote. Programu ya mchezo wa watoto ingeweza kusoma na kuandika ndani ya kiini. Marekebisho yalitolewa baadaye. Hakuna hesabu ya kujifunza katika kisa hicho, kwa kuwa hapakuwa na hesabu. Lilikuwa shamba lisilo na ua wala jiwe.

Kisa cha pili ndicho chenye somo, kwa sababu mlinzi alikuwepo, alikuwa macho, na alihesabu.

Ndani ya Linux kulikuwa na kipengele kinachoitwa fb_mmap, kilichohudumia maombi ya kuramanisha kumbukumbu ya skrini. Kilifanya jambo linaloonekana la busara. Kilichukua mwanzo, kikajumlisha na urefu, kikalinganisha jumla na ukubwa wa skrini. Jumla ikizidi ukubwa, ombi hukataliwa. Mtu yeyote angeandika hivyo. Karani wa ardhi angefanya hivyo pia: anzia hatua ya 600, pima hatua 200, ni 800, shamba ni 900, haya.

Tatizo ni kwamba namba za kompyuta zenyewe zina kikomo. Kihesabu kilomita cha lori kuukuu lenye tarakimu tano kikifika 99,999, kilomita inayofuata hukifanya kisome 00000. Lori halikurudi kiwandani likawa jipya. Kihesabu ndicho kilichozunguka. Mnunuzi asiyemjua mwenye lori huona namba ndogo na kufurahi. Namba ya biti 32 hufanya hivyo hivyo: baada ya 4,294,967,295 huja sifuri.

Ili hesabu isomeke, na ichukuliwe kompyuta ya kubuni ambayo kihesabu chake kina tarakimu nne tu, 0000 hadi 9999. Shamba la skrini ni kurasa zile zile 900. Anakuja mwombaji na maneno haya: nianzishie ukurasa wa 9,500, nipe kurasa 1,200. Ombi hili ni la kichaa, kwa kuwa mwanzo wake tu uko mbali na shamba. Mlinzi anajumlisha: 9,500 na 1,200 ni 10,700. Lakini kihesabu hakina tarakimu ya tano. Kinasoma 0700. Mlinzi analinganisha 700 na 900, anaona 700 ni ndogo, anafungua lango.

Yanayofuata ni mabaya zaidi. Kiendeshi huchukua mwanzo ulioombwa na kuujumlisha na anwani halisi ya skrini ili kujua ramani ianzie wapi. Jumla hiyo nayo huzunguka. Mwombaji aliyeomba ukurasa wa mbali mno anajikuta ametua nyuma ya skrini, katika kumbukumbu iliyo kabla yake, ambako kiini kinaweza kuwa kimekaa. Ana ramani halali, yenye ruhusa ya kusoma na kuandika, na hakuna kengele iliyolia.

Udhaifu huu ulihusu Linux za kabla ya toleo la 3.8.9, la mwaka 2013, na ulitumiwa kuvunja ulinzi wa baadhi ya simu za Motorola zenye Android 4.1.2. Wengi waliouchangamkia hawakuwa wezi. Walikuwa wenye simu waliotaka mamlaka kamili juu ya mali yao wenyewe. Lakini lango halichagui mpitaji. Simu ya aina hiyo ikiwa bado mikononi mwa mtu, iwe imenunuliwa mitumba au imerithiwa kwa ndugu, na haikupata marekebisho, kila kinachopita ndani yake chaweza kusomwa na programu moja mbovu. Kwa mkulima ambaye malipo ya majani na bonasi humfikia kwa ujumbe wa simu, hilo si suala la vitabuni.

Kutoa badala ya kujumlisha

Marekebisho yaliyofanywa mwaka 2013 yanavutia kwa sababu hayakuongeza tarakimu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika kipengele kimoja cha pamoja, vm_iomap_memory, ili viendeshi viache kujiandikia kila kimoja hesabu yake ya mpaka. Hatua zake zaweza kusemwa kwa Kiswahili bila kupoteza kitu.

Kwanza huhesabu kwa kurasa, si kwa baiti. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Programu hutaja mwanzo kwa kurasa, na kiendeshi cha zamani kiliugeuza kuwa baiti kwa kuuzidisha na 4,096. Namba kubwa ikizidishwa hivyo, tarakimu zake za mbele hudondoka, kwa hiyo mzunguko ulikuwa unaweza kutokea hata kabla ya kujumlisha. Anayehesabu kwa kurasa hana haja ya kuzidisha.

Pili, huuliza swali juu ya mwanzo peke yake: je, mwanzo umezidi idadi ya kurasa za shamba? Katika mfano wetu, 9,500 imezidi 900. Ombi limekufa hapo, urefu hauangaliwi.

Tatu, mwanzo ukiwa ndani, hutoa badala ya kujumlisha. Mwombaji anayeanzia 600 amebakiza 300. Kisha huuliza: urefu unaoombwa unazidi hizo 300? Akiomba 1,200 anakataliwa. Akiomba 300 anapewa.

Kutoa ni salama hapa kwa sababu kihesabu hakiwezi kupanda juu ya kikomo chake kwa kupunguza. Lakini usalama huo unategemea mpangilio wa maswali, na hapa ndipo mwanafunzi wa lugha, aliyezoea kuona maana ikigeuka kwa kuhamisha sentensi moja, anaweza kuliona jambo haraka kuliko mwanafunzi wa hesabu. Tuseme mwandishi mwenye haraka ameliruka swali la pili na kuanza na la tatu. Anatoa 9,500 kutoka 900. Kihesabu chake hakijui namba hasi. Kinazunguka kinyumenyume na kusoma 1,400. Mwombaji anataka 1,200. Mlinzi anaona 1,200 ni ndogo kuliko 1,400 na kufungua lango, kwa hesabu tofauti na kwa kosa lile lile. Maswali ni yale yale mawili. Mfuatano ndio ulinzi.

Mipaka mingine, kwa ufupi

Kukagua mlangoni hakutoshi kwa kila kiendeshi. Vipo visivyotoa kurasa zote kwa mara moja. Hungoja programu iguse ukurasa usiokuwapo, kichakato kikapiga king'ora, ndipo kiendeshi kikaulete ukurasa huo mmoja. Kiendeshi cha namna hii lazima kikague kila ukurasa unaoitishwa. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba katika Linux za kabla ya toleo la 2.6.22.17 baadhi ya viendeshi hivyo havikukagua masafa, na programu ya kawaida iliweza kuitisha ukurasa ulio nje ya shamba ikafikia kumbukumbu ya kiini. Kilichohusika pia ni uwezo wa programu kuomba ramani yake irefushwe baada ya kupewa. Mpangaji aliyeonyeshwa ua jana anausogeza leo. Kwa ajili hiyo ramani za vifaa huwekewa alama inayozuia kurefushwa, na kiendeshi kinachoisahau alama hiyo kimeacha lango la nyuma.

Kisha ipo ile habari ya nusu ukurasa. Skrini yetu ilitoka kurasa 900 kamili, lakini vifaa vingi si vya bahati hiyo. Kifaa chenye baiti 5,000 huhitaji kurasa 2, ambazo ni baiti 8,192. Baiti 3,192 zilizobaki ni za nani? Zikiwa tupu, hakuna neno. Zikiwa ni swichi za kifaa jirani, mwombaji amepewa na za jirani, na hesabu yote iliyofanywa ilikuwa sahihi. Mpimaji mwenye kamba ya urefu mmoja tu asiyeweza kuikata atapima shamba kwa kamba nzima, na atakula kidogo cha mwenzake. Hapa hakuna hila ya kihesabu itakayosaidia. Anayetengeneza kifaa ndiye anayepaswa kuacha nafasi tupu hadi mwisho wa ukurasa, au kiendeshi kikatae kabisa kuramanisha na kurudi kwenye kuhudumia mlangoni.

Juu ya neno kufurika

Mfasiri anayetafuta neno la Kiswahili kwa kosa la kihesabu kuzunguka atavutwa na kitenzi kufurika, kwa kuwa ndicho kinacholingana na neno la Kiingereza kikamusi. Kishawishi hicho kinapaswa kukataliwa. Mto ukifurika, maji huonekana. Watu huhama, daraja hufungwa. Kufurika kwa Kiswahili ni tukio la wazi, la kelele, la kuzidi. Kinachotokea ndani ya kiendeshi ni kinyume chake. Namba kubwa inakuwa ndogo na tulivu, na utulivu huo ndio unaompumbaza mlinzi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba tarakimu zimefurika atatafuta kilichomwagika asikione. Aliyefundishwa kwamba kihesabu kimezunguka atauliza mara moja: kimezunguka mara ngapi, na namba ya kweli ni ipi? Swali hilo la pili ndilo analopaswa kuuliza.

Kufurika kuachiwe hali nyingine, ile ya programu kuandika maneno mengi kuliko chombo kilichotengwa kuyapokea, yakamwagikia kumbukumbu ya jirani. Huko kweli kuna kilichozidi na kilichomwagika. Lugha ya kitaalamu ya Kiingereza imeziita hali zote mbili kwa jina moja kwa miongo mingi, na si lazima Kiswahili kirithi deni hilo. Mabaraza na vyuo vinavyosanifu istilahi hufanya kazi yao vyema vinapoanzia katika tendo lenyewe. Vinapoanzia katika orodha ya maneno ya Kiingereza, hupata orodha nyingine ya urefu uleule.

Kwa kipimo hicho hicho, kikomo na mpaka visichanganywe katika vitabu vitakavyoandikwa. Kosa la fb_mmap laweza sasa kusemwa kwa sentensi moja ambayo Kiingereza huhitaji aya nzima kuifikia: kiendeshi kililinda mpaka kwa namba iliyosahaulika kuwa ina kikomo.

Maombi ya kujaribia

Anayetaka kujua kama kiendeshi kinapima sawasawa hana haja ya kusoma mistari yake yote. Hukitumia maombi machache na kutazama majibu. Kwa shamba la kurasa 900, mwanzo 0 na urefu 900 ni lazima likubaliwe. Likikataliwa, mlinzi ni mwoga kupita kiasi na skrini haitachorwa nzima. Mwanzo 0 na urefu 901 likataliwe. Mwanzo 899 na urefu 1 likubaliwe, kwa kuwa kurasa huhesabiwa kuanzia sifuri na huo ndio ukurasa wa mwisho. Mwanzo 900 na urefu 1 likataliwe. Hapa hukamatwa walioandika alama ya kulinganisha kwa pupa. Kisha hutumwa lile la kichaa, lenye mwanzo wa mbali mno na urefu uliochaguliwa makusudi ili kihesabu kizunguke na kusoma namba ndogo. Likikataliwa, hutumwa tena kwa urefu mwingine, mara hii ukilenga kutoa badala ya kujumlisha. Wajaribu wengi huishia kwenye ombi la nne.